Stika Mbili za Kijani
Sehemu ya Tisa

Kuna wasomaji wananitumia ujumbe wa kunipa pole. Mama mmoja wa Chechelesi ameniandikia mara tatu, ati ananiombea. Mama, ngoja kwanza. Ukimaliza kusoma ya leo ndipo uamue kama dua zako umezipeleka kwa mtu anayestahili.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Gumato, binti wa Denge wa Sericho. Nilikuwa afisa wa ugavi kwenye kiwanda kidogo cha dawa za mifugo hapa Isiolo. Kazi yangu ilikuwa kujua kila kitu tunachoagiza kinachukua siku ngapi kufika, na kuagiza mapema ili kisikosekane.

Unga wa dawa yetu ya minyoo ya mbuzi ulitoka ng'ambo. Siku arobaini za kutengenezwa, ishirini na nane za meli, ishirini na moja za bandari ya Mombasa, kumi na nne za vibali, tatu za lori. Ukishafika tukatengeneza dawa, siku saba za kungoja majibu ya maabara. Jumla ni siku mia moja na kumi na tatu. Nilikuwa nimeziandika kwa kalamu nyekundu ukutani, juu ya dawati langu, na nilizijua kama ninavyojua majina ya watoto wangu.

Kwa hiyo dawa ya mvua ya Oktoba lazima iagizwe Juni. Juni nikaenda Sericho na fomu zangu, nikawauliza wazee mmoja mmoja, mzee, una mbuzi wangapi?

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, nimeshaeleza. Kwetu mtu hahesabu mifugo yake kwa mdomo, tena mbele ya watu. Ni kuita jicho baya. Ukimuuliza atakwambia, "Wako kidogo, Mungu anasaidia." Ukimsukuma sana atakupa nambari ya kukufukuza. Baba yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa mbele yake na kalamu, alisema, "Andika tisini." Nilikulia kwenye boma lile. Tisini ni wale wanaochungwa na mtu mmoja mvivu.

Lakini ningeandikaje nambari nyingine, na wazee wote wameketi hapo wakiniangalia? Ningemwita baba yangu mwongo mbele ya rika lake. Nikaandika tisini. Na kwa wengine pia nikaandika walichosema. Oda ikatoka robo ya haja.

Mvua ikaja nzuri, majani yakaota, minyoo ikaja na majani. Kufikia katikati ya Novemba stoo ilikuwa tupu. Mara ya mwisho niliwaacha pale bosi wetu, Abdinur, alipopata mapipa mawili ya unga kwa kiwanda cha Nairobi. Mapipa yakashushwa getini, nikapiga magoti kwenye vumbi nikashukuru. Mjinga mimi.

Haya. Tuendelee.

Dawa ilipikwa Jumamosi. Katoni arobaini na nane, kila moja chupa kumi na mbili za lita. Zilipangwa stoo, na juu ya kila katoni Kinya akabandika stika ya manjano.

Kinya ndiye aliyekuwa mkuu wa ubora. Mmeru wa Maua, mfupi, hana mchezo. Sisi wote tulimwita daktari ingawa si daktari, kwa sababu akikuangalia unajisikia mgonjwa.

"Hakuna kitu kinatoka hapa mpaka majibu yarudi," alisema. "Sampuli zinaenda Nairobi Jumatatu. Siku saba."

"Daktari, mbuzi wanakufa huko."

"Najua. Na mimi sitaki wafe na dawa yangu."

Nilimwona ana roho ngumu. Hivyo ndivyo nilivyomwona, na nikaenda kumsema kwa watu wa ofisi.

Jumatatu hiyo Abba, baba yangu, akapiga simu. Kambi yake haina mtandao, inabidi aje hadi dukani kwa Mulki pale sokoni Sericho, aombe simu. Wenye uhai hakuwahi kunihesabia, lakini waliokufa alinihesabia bila kukosa.

"Jana wanane. Leo asubuhi kumi na moja."

"Pole, Abba."

"Ulisema dawa imefika."

"Imefika. Inangoja majibu ya maabara."

"Majibu ya nini? Dawa ni dawa."

"Ni utaratibu, Abba. Siku saba."

Nilisikia Mulki akiuza sukari nyuma yake. Kisha baba yangu, ambaye sijawahi kumsikia akiomba kitu kwa mtu, akasema, "Gumato, siku saba sina mimi. Nisaidie."

Nilikata simu nikaangalia ile karatasi yangu ukutani. Arobaini ziko kwa watu wa ng'ambo, siwajui. Ishirini na nane ziko kwa bahari. Bandari ni ya serikali, vibali ni vya serikali, barabara ni ya Mungu. Katika siku zote mia moja na kumi na tatu, zilizokuwa karibu na mkono wangu ni saba tu. Zilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye dawati langu.

Jumanne saa ya adhuhuri watu walitoka kwenda kuswali, na Kinya akaenda kula. Kabati lake lilikuwa ofisini kwetu sote, mchana halifungwi. Ndani kulikuwa na roli ya stika za kijani. Nikabandua mbili.

Sikuiba. Hivyo ndivyo nilivyojiambia nikitembea. Oda ya Abba ilikuwa ya kweli, imeandikwa kwenye orodha kwa jina lake, katoni mbili, za kwake na majirani. Nilichofanya ni kuisogeza mbele siku sita. Mtu anaweza kuitwa mwizi kwa kuiba siku?

Stoo ilikuwa kimya. Nikachukua katoni mbili zilizokuwa karibu na mlango, kwa sababu ndizo nilizozifikia. Nikachuna manjano, nikabandika kijani. Mikono haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka.

Mzee Galgalo aliporudi kutoka msikitini nilikuwa namngoja na karatasi ya kutolea mzigo.

Galgalo ndiye mtunza stoo. Alianza kazi na baba yake Abdinur, enzi za malori, akifunga turubai. Kusoma hakusoma. Ndiyo maana Kinya alileta mambo ya rangi. "Manjano ngoja, kijani toa, nyekundu usiguse." Mzee alikuwa anajivunia rangi zake utadhani ametunukiwa shahada.

"Mzee, hizi mbili ziende Sericho. Lori la Hanad linaondoka saa tisa."

Akainama, akaangalia stika ya kwanza. Akaangalia ya pili. Akapitisha kidole juu yake.

"Majibu yamerudi?"

"Hayo si ndiyo unayaona?"

"Alhamdulillahi," akasema. "Baba yako atafurahi." Akafungua rejista, akaweka alama yake ya kidole gumba kwenye mstari wa katoni mbili, nami nikamshikia pedi ya wino.

Nilimshikia pedi ya wino, wasomaji. Mkono wangu huu huu.

Nikampigia Mulki, nikamwambia amwambie Abba lori limeondoka, akae macho, na dawa ikifika asicheleweshe hata saa moja. Nilirudia. Hata saa moja.

Usiku huo nililala vizuri sana.

Ijumaa asubuhi saa tatu, Kinya aliingia ofisini bila salamu. Alikuwa na simu mkononi, uso umekauka.

"Maabara wameleta majibu."

"Leo? Si ulisema Jumatatu?"

"Waliyafanyia haraka. Niliwaomba. Niliwaambia kuna mbuzi wanakufa."

Ninataka mlielewe hilo. Yule mwanamke niliyemsema kwa ofisi nzima alikuwa amewapigia watu wa maabara magoti kwa simu, siku nne mfululizo, kwa ajili ya mbuzi wa kwetu. Na katika miaka yangu sita ya kazi ile, hicho ndicho kitu cha kwanza kuwahi kufika mapema.

"Yanasemaje?" nikauliza.

"Imeanguka. Bechi yote, katoni zote arobaini na nane."

"Imeanguka vipi?"

Akakaa. "Jumamosi stima ilipotea mara mbili tukikoroga. Niliandika kwenye karatasi ya bechi. Unga umezama chini ya tangi, na sisi huchotea juu. Chupa za kwanza ni kama maji. Za mwisho zina nguvu mara sita, mara saba."

"Za mwisho ni zipi?"

"Kuanzia katoni ya arobaini. Zile tulipanga mwisho, hapo karibu na mlango."

Nilihisi meno yananiuma, meno yote.

"Mbuzi akinywa hiyo?"

"Atatoa mate. Atatetemeka, atalala. Mwenye nguvu anaweza kuamka. Mwenye mimba au aliyekonda, sahau. Lakini hakuna aliyekunywa, Gumato. Ziko stoo. Ndiyo maana tunangoja siku saba." Akasimama. "Naenda kubandika nyekundu."

Alipotoka tu nikashika simu nikampigia Hanad, dereva wa lori. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nikapiga tena.

"Salaam aleikum, dada."

"Hanad, umeshafika Sericho? Niambie hujafika."

"Kufika wapi? Mimi niko kwa matope tangu juzi. Gari imezama mpaka difu, tairi hazionekani, hapa mbele ya Garbatulla. Nimelala kwa gari usiku mbili. Hii barabara ni ya mbwa, walahi."

Jamani! Sijawahi kupenda matope vile. Miaka sita nimeitukana ile barabara, leo nilitaka kuibusu. Machozi yalinitoka.

"Hanad, ndugu yangu, ubarikiwe. Kaa hapo hapo. Hizo katoni mbili usimpe mtu. Unasikia? Usimpe mtu yeyote."

"Katoni gani?"

"Za dawa! Za baba yangu!"

Akacheka. "Ah, hizo usijali kabisa. Mzee wako alikuja jana asubuhi na ngamia wawili. Alisikia nimekwama, akasema binti yake alimwambia asicheleweshe hata saa moja. Ametembea usiku mzima. Mzee ako na nguvu huyo! Nikampa mzigo wake, akageuka hapo hapo, hata chai alikataa."

Sijui kama nilimuaga.

Nikampigia Mulki. Hapatikani. Nikapiga mara kumi na tisa. Hapatikani, hapatikani, yule mwanamke wa kwenye simu akiniambia kwa sauti yake tamu nijaribu baadaye.

Nilikuwa nikijaribu mara ya ishirini nikasikia Kinya akipiga kelele stoo.

"Arobaini na sita! Mzee, katoni mbili ziko wapi?"

Tuliitwa kwa Abdinur, sote watatu. Ilikuwa karibu saa sita, yeye ameshavaa kanzu yake ya Ijumaa tayari kwa msikiti. Rejista ilikuwa wazi mezani, na ile alama ya kidole gumba, ya bluu.

"Galgalo," alisema. "Umetoa dawa ambayo haijapimwa?"

"Nimetoa ya kijani," mzee akajibu.

"Hakukuwa na kijani," Kinya akasema. "Mimi sijabandika kijani hata moja kwa bechi hii."

"Daktari, mimi nasoma rangi. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Ilikuwa kijani."

Kinya akaweka roli ya stika mezani. Zina nambari, zile stika. Sikujua. Miaka sita na sikuwahi kuzitazama kwa karibu. "Mbili hazipo," akasema.

"Nani hushika kabati hilo?"

"Mchana liko wazi. Mtu yeyote."

Abdinur akamgeukia mzee. "Galgalo, baba yangu alikuamini. Mimi nimekuamini. Kama mtu alikupa chai kidogo ili utoe mzigo, sema sasa, kabla wakaguzi wa serikali hawajafika."

Mzee hakupandisha sauti. Aliangalia kidole chake, bado kilikuwa na wino kwenye kucha. Kisha akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa lawama, ni kama mtu anayemngoja mwenzake amalizie sentensi. Alijua ni nani aliyemletea karatasi. Alijua ni nani aliyemshikia wino. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema mwenyewe.

Niliangalia chini.

Simu yangu ikalia mezani. Mulki wa Sericho, jina limeandikwa kubwa, kila mtu akaliona.

Nikipokea hapa, wote watasikia. Abba huongea Kiborana; Kinya hakijui, lakini Abdinur na Galgalo wanakisikia vizuri. Nikitoka nje, mtandao wa Sericho hauna subira, unaweza kukatika nisiupate tena mpaka jioni. Ikalia mara ya tatu, ya nne.

Nikapokea.

"Gumato!" Ilikuwa sauti ya Abba, ana furaha, anapiga kelele kama watu wa zamani wanavyoongea na simu. "Nimekuja kuswali, nikasema nikusalimie kwanza. Dawa nimeipata! Nimeifuata mwenyewe!"

"Abba, umewanywesha?"

"Leo alfajiri, nusu yao. Wengine kesho alfajiri, kabla ya kwenda malishoni. Dawa ni kali kweli, wametoa mate, wamelala chini. Nikasema sasa minyoo imepatikana."

"Wangapi, Abba?"

Nilijua hatajibu. Nilishauma ulimi.

"Mia mbili na sita," akasema. "Waliobaki ni mia mbili na kumi na moja. Nakwambia ukweli wote leo. Kosa la Juni lilikuwa langu, nimelifikiria sana. Wewe uliuliza vizuri, mimi ndiye nilikudanganya."

Miaka thelathini na nne sijawahi kusikia idadi ya mbuzi wa baba yangu, na siku aliyonipa ndiyo siku hiyo.

"Abba, sikiliza. Simamisha. Ile dawa ni mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Ina nguvu kupita kiasi. Haikuwa imepimwa. Ni mimi niliyeitoa kabla ya wakati. Nilibandika alama ya uongo, mimi, kwa mkono wangu, ili ikufikie haraka. Wape waliokunywa kivuli, usiwakimbize, na hao wengine usiwaguse."

Nikadhani mtandao umekatika.

"Abba?"

"Nipo."

"Chupa zilizobaki zimwage zote."

"Nimebaki na mbili tu za kesho," baba yangu akasema polepole. "Nilitumia mbili. Zile nyingine nimegawia watu. Racho mjane, watu wa kambi ya juu, wale wa kisimani. Nyumba kumi na mbili. Ningewanywesha wangu na wao waangalie? Wote watanywesha kesho alfajiri. Niliwaambia binti yangu ndiye ameituma, wasiogope."

"Watumie watu wawaambie."

"Wawaambie nini? Kwamba Denge amewapa sumu? Wataniuliza, mbona wako umewapa dawa? Watasema nataka kubaki na dawa peke yangu. Mimi kwa mdomo wangu siwezi. Jina nililowapa ni lako. Njoo uwaambie wewe." Akavuta pumzi. "Sasa niache niende nikaangalie mbuzi wangu."

Akakata.

Kinya hakuelewa hata neno, lakini alikuwa amesoma nyuso zetu. "Nini? Amesema nini?"

Mzee Galgalo ndiye aliyemtafsiria.

"Dawa imefika kwa baba yake," akasema. "Nusu ya mbuzi wamekunywa leo. Chupa nyingine ziko kwa nyumba kumi na mbili, watanywesha kesho asubuhi."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Ile sehemu ya mkono wangu na alama ya uongo, aliiruka kabisa. Mpaka leo sijui kama alinihurumia au alikuwa bado ananingoja niseme.

"Mungu wangu," Kinya akasema. Akachomoka kwenda kumtafuta afisa wa mifugo kwa simu, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Tukabaki watatu. Abdinur, ambaye alisikia kila neno, aliketi, akavua kofia yake, akaiweka juu ya rejista.

"Gumato, kwa nini?"

"Mbuzi walikuwa wanakufa."

"Sasa wanakufa zaidi."

"Najua."

Tulisikia adhana ya kwanza kutoka msikiti wa Wabera. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, sauti ya mfanyabiashara, si ya bosi mwenye hasira. Ningefurahi kama angenitukana.

"Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Mtunza stoo ambaye hajui kusoma akikosea rangi, hilo ni kosa. Tutaonywa, tutalipa faini, tutaendelea. Afisa aliyesoma akighushi kibali cha ubora, hapo kiwanda kinafungwa. Watu sitini wanakula hapa."

"Bosi, mzee hajakosea chochote."

"Nimesikia. Sisi watatu tumesikia. Daktari hajasikia." Akatoa funguo za gari lake mfukoni, akaziweka mezani katikati yetu. "Lori haliwezi kupita, lakini Prado inapita kwa kuzunguka. Ukitoka sasa hivi utafika Sericho kabla ya alfajiri, utazunguka nyumba zote kumi na mbili kabla hawajaanza kunywesha. Gari ni lako mpaka umalize. Lakini karatasi inabaki ilivyo."

"Na nikikataa?"

"Basi tumwite daktari, uandike maelezo yako, mimi nipige simu polisi kama sheria inavyotaka. Utakaa hapa ukihojiwa mpaka kesho mchana. Chagua wewe."

Nilihesabu. Ndiyo kazi yangu, kuhesabu. Kutoka Isiolo mpaka Garbatulla. Kutoka Garbatulla mpaka pale Hanad alipozama, na kuzunguka. Kisha kambi kumi na mbili, gizani, matope. Ilitosha, kama ningeondoka dakika ile. Ikipita nusu saa haitoshi.

Nikamgeukia mzee Galgalo. Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme hapana, apige meza, aniseme mbele ya Mungu na Ijumaa yake. Angefanya hivyo ningejua la kufanya.

Mzee alinyoosha mkono, kile kidole chenye wino, akazisukuma funguo taratibu mpaka zikafika upande wangu wa meza.

"Chukua, binti," akasema. "Racho ana mbuzi kumi na tano tu, na watoto sita. Enda."

Ilikuwa rahisi kusema neno moja. Mlango ulikuwa pale, Kinya alikuwa pale nje akiongea na simu, namsikia. Sentensi moja tu ningempitia nayo nikielekea kwenye gari, isingenichukua hata dakika.

Nikachukua funguo. Nikapita mbele ya Kinya, akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kurekebisha kosa la stoo.